Ubongo Hausubiri Kuamshwa

Ukiuondolea ubongo macho, masikio, ngozi na kila kinachouletea habari za ulimwengu, utafanya nini? Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba utanyamaza. Jibu lililopatikana polepole, kwa mabishano ya zaidi ya karne moja, ni kinyume cha hapo. Seli za neva zilizotolewa mwilini, zikapandwa juu ya kioo na kupewa lishe na joto, hutafutana, huungana, na baada ya siku chache huanza kupiga mipigo ya umeme bila kuchokozwa na mtu. Hii ni historia ya watu walioisikia mipigo hiyo, ya wenzao walioidharau, na ya jinsi ilivyokuja kufahamika kwamba ndani yake mna kazi ya ujenzi.

Tuanzie Jena, mji wa chuo kikuu nchini Ujerumani. Mwaka 1885 William Preyer alichapisha kitabu kikubwa kuhusu maisha ya viinitete. Alipochunguza mayai ya kuku aliona jambo la kushangaza: kifaranga kilichomo ndani ya yai hujipindapinda siku kadhaa kabla hakijaweza kuitikia kuguswa. Kilisogea kwanza, kuhisi kukafuata baadaye. Uchunguzi huo haukupata warithi wengi, kwa maana upepo wa fikra ulikuwa ukivuma upande mwingine. Mwaka 1906 Charles Sherrington wa Uingereza alitoa kitabu kilichoeleza kwa ustadi mkubwa jinsi kichocheo kinachoingia kupitia neva za hisi kinavyozaa mwitikio kwenye misuli. Wengi waliomfuata wakajijengea imani kwamba kazi ya mfumo wa neva ni kujibu tu: usipoulizwa, hukaa kimya.

Pingamizi lilitokea Liverpool, katika maabara ya Sherrington mwenyewe. Mwaka 1911 Thomas Graham Brown alionyesha kwamba paka aliyekatwa uti wa mgongo, akakatwa pia neva zinazoleta hisia kutoka miguuni, bado misuli ya miguu yake inaweza kukaza na kulegea kwa zamu, kwa mwendo wa mnyama anayetembea. Hapakuwa na habari yoyote iliyoingia kutoka nje. Mdundo ulizaliwa ndani ya uti wenyewe. Kazi hiyo nayo iliwekwa kando kwa miongo kadhaa.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, mtu mwingine alikuwa amefungua mlango ambao historia yetu yote ingeupitia. Ross Granville Harrison alikuwa akishughulikia ugomvi wa zama zake: je, uzi wa neva huchipuka kutoka kwenye seli moja, kama alivyoamini Mhispania Santiago Ramón y Cajal, au neva zote ni wavu mmoja ulioungana, kama alivyoshikilia Mwitaliano Camillo Golgi? Wawili hao walikuwa wamegawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 bila kukubaliana. Mwaka 1907, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Harrison alichukua kipande kidogo cha neva changa za kiinitete cha chura, akakitia katika tone la limfu ya chura, akalining'iniza tone hilo chini ya kioo chembamba. Kwa hadubini akaona uzi wa neva ukichomoza kutoka kwenye seli na kusonga mbele, ncha yake ikipapasapapasa njia. Cajal alikuwa na haki. Zaidi ya hayo, Harrison alikuwa amethibitisha kwamba seli ya neva inaweza kuishi na kukua nje ya mwili. Mbinu ya kukuza tishu maabara inahesabiwa kuanzia tone lile.

Lakini tone halikuwa na sauti. Ili kuusikia umeme wa neva, vyombo vilipaswa kukua kwanza. Huko huko Jena, mwaka 1924, daktari wa magonjwa ya akili Hans Berger alirekodi kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme kutoka kwenye kichwa cha binadamu, akachapisha matokeo mwaka 1929. Ajabu ni kwamba mawimbi yale yalikuwa makubwa zaidi mtu alipofumba macho na kutulia, yaani wakati alipokuwa na machache ya kujibu. Mwaka 1931 Edgar Adrian wa Cambridge na mwenzake Frederik Buytendijk waliutoa ubongo wa samaki wa dhahabu, wakautenga peke yake, na kukuta shina lake likiendelea kutoa mawimbi polepole, kwa kasi iliyolingana na ya mashavu ya samaki anayepumua. Hapakuwa na mashavu tena wala maji ya kuvuta. Ubongo uliendelea.

Aliyelirudisha suala hili katikati ya uwanja ni Viktor Hamburger, mwanabiolojia Mjerumani aliyepoteza kazi yake Freiburg mwaka 1933 chini ya sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi, akajenga maisha mapya katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Miaka ya 1960 alirudi kwenye mayai ya Preyer. Kifaranga huanza kusogea akiwa na siku tatu na nusu hivi, ilhali kuitikia kuguswa hakuanzi mpaka karibu siku ya saba. Hamburger hakuishia kutazama. Yeye na wenzake waliondoa kwenye kiinitete ile nusu ya uti inayopokea hisia za miguu, wakakata pia mawasiliano na ubongo. Miguu ikaendelea kujirusharusha kwa vipindi vyake vya kawaida mpaka karibu siku ya 15. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu mwaminifu kudai kwamba neva hungojea kuitwa.

Kilichobaki ni kuuliza: je, uwezo huu ni wa kiungo kizima, au ni wa seli zenyewe popote zitakapokuwa? Jibu lilianza kupatikana New York. Stanley Crain, aliyefundwa mbinu za kukuza tishu katika Chuo Kikuu cha Columbia na kina mama wawili mahiri, Margaret Murray na Edith Peterson, alichapisha mwaka 1956 rekodi za umeme kutoka kwenye neva za viinitete vya kuku zilizokuzwa maabara. Mwaka 1964, pamoja na Murray Bornstein, alionyesha kwamba vipande vya gamba la ubongo wa panya wachanga, vikikaa kwenye kioo kwa siku na wiki, hupevuka na kutoa mawimbi yenye utata unaokaribiana na wa ubongo ulio mwilini.

Kisha Crain akafanya jaribio ambalo linastahili kukumbukwa kwa uzuri wake na kwa mtego wake. Mwaka 1968, yeye, Bornstein na Peterson walikuza vipande vya tishu za ubongo na uti ndani ya dawa ya ganzi, zailokeini, kwa muda wote wa kukua. Seli hazikuweza kupiga hata mpigo mmoja. Walipoisafisha dawa, vipande viliamka na kutoa mipigo tata. Miungano ilikuwa imejengeka katika ukimya. Wasomaji wengi wakatoa hukumu ya haraka kwamba mipigo ya mapema haina faida yoyote: ni moshi wa mtambo uliowashwa kabla ya wakati. Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20.

Tatizo lilikuwa pia la vyombo. Crain na wenzake walitumia sindano nyembamba sana za kioo, moja au mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi seli iliyochomwa haikuishi muda mrefu. Kwa sindano moja unaisikia seli moja, lakini hujui mtandao unasema nini. Suluhisho lilitoka kwa mafundi wa mikroelektroniki. Mwaka 1972 Charles Thomas na wenzake walichora elektrodi 30 za metali juu ya sakafu ya kioo, seli zikae juu yake zenyewe bila kuchomwa. Walifaulu kuyasikia mapigo ya seli za moyo wa kiinitete cha kuku. Guenter Gross alitoa mfumo wake kwa ajili ya neva mwaka 1977. Na mwaka 1980 Jerome Pine, mwanafizikia wa chembe ndogo aliyegeukia biolojia katika taasisi ya Caltech, alirekodi mipigo ya neva za panya zilizotenganishwa mojamoja, kwa elektrodi 32.

Neno "zilizotenganishwa" lina uzito wake hapa. Crain alikuza vipande, na kipande hubaki na sehemu ya mpangilio kilioutoa tumboni. Mbinu mpya ilichukua ubongo wa kiinitete cha panya, ikauyeyusha kwa vimeng'enya mpaka kila seli ikabaki peke yake na kila uzi umekatika. Maelfu ya seli hizo yalimwagwa juu ya elektrodi. Hazikuwa na ramani wala jirani wa zamani. Hata hivyo ndani ya saa chache zilianza kutoa nyuzi, ndani ya siku chache zikaunda sinapsi, yaani viungo vya mawasiliano kati ya seli na seli, na katika wiki za mwanzo zikaanza kupiga pamoja.

Namna zinavyopiga ndiyo iliyowashika watafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Japani, NTT. Mwaka 1993 Hugh Robinson, Akio Kawana na wenzao walieleza jambo ambalo tangu hapo limeonekana katika maabara nyingi za dunia: mtandao hukaa karibu kimya kwa sekunde kadhaa, kisha seli zote hupiga kwa mkupuo mmoja, halafu kimya tena. Miaka iliyofuata kundi hilo lilifuatilia mikupuo tangu seli zilipopandwa na kuona ikibadilika kadiri miungano inavyopevuka.

Utaratibu wake unaeleweka vizuri kiasi. Baadhi ya seli huwa karibu na kizingiti cha kupiga, na hupiga zenyewe kwa sababu ya uvujaji mdogo wa chaji kwenye utando wao. Mpigo mmoja huisogeza jirani, jirani humsogeza mwenziwe, na kemikali ya glutamati ikimwagwa kwenye sinapsi nyingi kwa pamoja mtandao mzima huwaka. Kisha akiba ya kemikali hiyo hupungua, seli hupoa, na ukimya hurudi mpaka nguvu zikusanyike. Katika ubongo mchanga kuna kichocheo cha ziada. Mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba GABA, kemikali inayotuliza neva za mtu mzima, huzichangamsha neva za mnyama aliyetoka tu kuzaliwa. Breki, kwa muda, hufanya kazi ya kiongeza mwendo.

Hata hivyo shaka ilibaki, nayo ilikuwa ya haki. Mkupuo wa seli zote pamoja unafanana sana na kifafa. Huenda kisahani cha kukuzia seli kilikuwa kikionyesha ugonjwa tu, si maumbile. Hapa ndipo Amsterdam inapoingia. Katika taasisi ya utafiti wa ubongo ya Uholanzi, Michael Corner alikuwa ametumia miaka mingi kutetea mipigo hii, akiihusisha na shughuli za ubongo uliolala. Mwaka 1990 yeye, Ger Ramakers na mwenzao walirudia hoja ya Crain kwa njia kali zaidi. Walikuza seli zilizotenganishwa za gamba la ubongo wa panya ndani ya tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju, ambayo huzima mipigo kabisa. Kisha wakaiosha na kusikiliza. Mtandao uliamka, kama wa Crain, lakini ulikuwa umepotoka: mikupuo yake ilikuwa mingi kupita kiasi na yenye umbo lilelile kila mara. Kwa hiyo miungano inaweza kuota bila mipigo, lakini haiwezi kupimana sawasawa. Kisa cha miaka 22 kikapata jibu, na majaribio yote mawili yakawa kweli kwa pamoja.

Sababu ilifafanuka mwaka 1998, Gina Turrigiano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brandeis walipochapisha matokeo katika jarida la Nature. Neva zilizozimwa kwa tetrodotoksini kwa saa 48 ziliongeza nguvu ya sinapsi zao, na zilizochangamshwa kupita kiasi ziliipunguza mpaka zikarudi kwenye kasi yake ya awali. Kila seli hufuatilia inapiga mara ngapi na kurekebisha masikio yake ipasavyo. Seli iliyozibwa mdomo tangu kuzaliwa haina cha kupimia, hivyo hufungua masikio mpaka mwisho, na kelele ndogo huigeuza kishindo.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye jicho, nao ulifunga mdomo wa wale waliodhani mambo haya ni ya kisahani peke yake. Mwaka 1988, mjini Pisa, Lucia Galli na Lamberto Maffei walirekodi mipigo kwenye retina za panya ambao bado hawajazaliwa. Mwaka 1991 Markus Meister, Rachel Wong, Denis Baylor na Carla Shatz waliilaza retina ya fereti mchanga, mnyama wa jamii ya kicheche anayezaliwa akiwa amefumba macho, juu ya elektrodi 61. Waliona mawimbi yakipita kwenye retina, sekunde chache za mipigo, kisha dakika moja au mbili za kimya. Seli zilizo jirani zilipiga pamoja, zilizo mbali zilipishana. Kwa njia hiyo ubongo hujulishwa nani ni jirani wa nani kabla nuru haijaingia. Wapigaji huzipasha ngoma moto na kuzipatanisha sauti wachezaji wakiwa bado njiani, na ndivyo mawimbi hayo yanavyouweka tayari ubongo kwa ajili ya kuona. Mwaka 2021 kundi la Michael Crair katika Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha kwamba, kwa panya wadogo, mawimbi ya siku za mwisho kabla macho hayajafunguka hutiririka kwa mwelekeo ambao picha zitatiririka mnyama atakapoanza kutembea mbele.

Tukirudi kwenye kisahani, swali liligeuka: kwa nini mikupuo ya huko haiishi, ilhali ubongo mwilini huiacha unapopevuka? Daniel Wagenaar, Jerome Pine na Steve Potter walikuwa na dhana. Gamba la ubongo mwilini hupokea mkondo usiokatika wa hisia, na mtandao wa kisahani haupokei chochote. Mwaka 2005 walichapisha jaribio la kuupa mtandao vichocheo vidogo vya umeme kupitia elektrodi nyingi kwa zamu, mfululizo. Mikupuo ikatulia, na nafasi yake ikachukuliwa na mipigo iliyotawanyika, karibu na ile ya ubongo ulio macho. Kumbe mkupuo usiokoma ni hali ya mtandao ambao umejenga nyumba na mgeni hakufika. Mwaka uliofuata watafiti hao walichapisha rekodi za mitandao 58 iliyofuatiliwa kwa wiki tano hivi, wakaziweka wazi kwa kila mtafiti. Zilionyesha aina nyingi ajabu za mikupuo: mirefu, mifupi, mmojammoja, na mingine ikija kwa makundi. Mitandao iliyotokana na seli zilizopandwa siku moja ilifanana kuliko iliyopandwa siku tofauti.

Kati ya mipigo hiyo, wengine waliona kanuni. John Beggs na Dietmar Plenz, katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, waliripoti mwaka 2003 kwamba vipande vya gamba la ubongo wa panya vilivyokuzwa maabara hupiga kwa maporomoko ya ukubwa wa kila namna, madogo yakiwa mengi na makubwa yakiwa machache, kwa uwiano uleule wa kihisabati unaofuatwa na matetemeko ya ardhi. Kwa wastani elektrodi moja iliyowaka iliwasha nyingine moja. Zingekuwa chini ya moja, kila habari ingezimika, na zikizidi moja mtandao ungelipuka. Mpaka leo wataalamu wanajadili jambo hilo lina maana gani kwa ubongo mzima.

Sura ya karibuni inahusu seli za binadamu. Baada ya Shinya Yamanaka wa Kyoto kuonyesha, mwaka 2007, kwamba seli za kawaida za ngozi ya mtu mzima zinaweza kurudishwa kuwa seli shina, haikuchukua muda mrefu kabla ya Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, wakiwa Vienna, kukuza mwaka 2013 vidonge vidogo vya tishu ya ubongo wa binadamu. Mwaka 2019 kundi la Alysson Muotri mjini San Diego lilitangaza kwamba vidonge kama hivyo, vikilelewa kwa miezi, hutoa mawimbi yanayopishana na vipindi vya ukimya. Walilinganisha baadhi ya vipimo vyake na rekodi za watoto njiti 39 na kukuta mabadiliko ya umri yanayoshabihiana. Ulinganisho huo ulikosolewa, na kwa sababu nzuri: kidonge hakina umbo la ubongo, mishipa ya damu wala mwili. Lakini mikupuo na ukimya kwa watoto njiti si jambo geni. Colette Dreyfus-Brisac aliieleza mjini Paris tangu miaka ya 1950, na hadi sasa madaktari huisoma ili kujua kama ubongo wa mtoto unakua inavyotakiwa.

Mwaka 2022 kampuni moja ya Melbourne iliunganisha seli takriban 800,000 na mchezo wa kompyuta, na baadhi ya maneno yaliyotumika kuzieleza yalizua malalamiko makubwa miongoni mwa wataalamu. Hapa ni lazima tuwe wakweli. Kisahani kinachopiga hakifikiri, na ripoti ya wanazuoni wa Marekani ya mwaka 2021 haikuona dalili kwamba vidonge vya sasa vina fahamu. Vilevile tusisubiri mpaka vikue zaidi ndipo tuanze kuzungumza juu ya mipaka. Seli hizi hutoka kwa watu, na watu hao wana haki ya kuambiwa zinapelekwa wapi na kufanyiwa nini.

Na kuna jambo moja ambalo halihitaji maabara ya gharama. Somo la neva shuleni kwetu aghalabu huanza na mkono uliogusa kitu cha moto ukajiondoa wenyewe. Ni mfano wa kweli, lakini ukiachwa peke yake humfundisha mwanafunzi kwamba kazi ya ubongo ni kujibu tu. Walimu wa baiolojia, waongezeeni wanafunzi upande wa pili: kifaranga cha Preyer, retina ya fereti, na seli zilizotawanyika ambazo ziliungana upya na kupiga pamoja. Mtoto aliye tumboni hajaona chochote cha dunia hii, lakini neva zake tayari ziko kazini.